Sukari aina ya pili: jinsi ya kuishika kwa dawa, sahani na kutembea

Kama umetoka kliniki juzi tu, kadi imeandikwa kisukari aina ya pili, mkononi una kibahasha cha vidonge na maelezo yenyewe yalikuwa "punguza sukari, fanya mazoezi, rudi baada ya mwezi", basi haya nakuandikia wewe. Nyumbani kwetu sukari ipo, mama mkwe anayo, mume wangu akafuata, kwa hiyo haya mambo tunayaishi jikoni kila siku. Kitu kimoja nataka ukishike kabla ya vingine vyote: sukari haisikiwi, sukari inapimwa. Mtu anaweza kusoma 14 kwenye mashine, ambayo ni juu sana, na anacheka vizuri, anakula, anaenda kazini, huku mishipa midogo ya macho na figo inaharibika taratibu, na mwingine akisikia kizunguzungu anasema "sukari imepanda" kumbe imeshuka, anameza kidonge kingine juu yake, hapo ndo tunapoteza watu.

Kwa hiyo cha kwanza ni mashine ya kupimia na daftari. Mashine yenyewe wala sio ghali sana, kinachoumiza ni stripu, vile vijiti vyembamba vya kuwekea tone la damu, ndo maana kabla hujanunua mashine yoyote uliza kwanza bei ya stripu zake na kama zinapatikana famasi ya karibu na kwako, maana mashine nzuri isiyo na stripu ni pambo la kabatini.

Kupima kwenyewe kuna mambo madogo watu hawaambiwi. Nawa mikono kwa sabuni na maji, kausha kabisa, ndo utoboe. Sio mambo ya usafi tu, ukimenya embe au ukashika chungwa alafu ukatoboa hicho hicho kidole, ile sukari ya tunda iliyobaki kwenye ngozi inaingia kwenye tone la damu na mashine inakupa namba ya kutisha ambayo sio yako, mtu anakimbizwa hospitali kwa sababu ya embe. Toboa pembeni ya kidole na sio katikati pale panapogusa kila kitu, pembeni hapaumi sana, na badilisha vidole. Kopo la stripu lifunge hapo hapo ukishatoa moja, unyevu unaziharibu, na usiliweke jikoni karibu na jiko.

Namba zenyewe, kwa milimoli kwa lita: kwa watu wengi asubuhi kabla hujala tunatafuta kati ya 4 na 7, na masaa mawili tangu uanze kula iwe chini ya 10. Kile kipimo cha wastani wa miezi mitatu, HbA1c, lengo la wengi ni chini ya asilimia 7, ila mzee wa miaka 75 ambaye sukari inamshuka shuka daktari anaweza kumruhusu mpaka 8 na ni sawa, kwa mzee kuanguka bafuni ni hatari kuliko hiyo 8. Mashine nyingine zinasoma namba kubwa kama 126 au 180, usishtuke, hizo ni miligramu kwa desilita, gawanya kwa 18 utapata hizi za kwetu, 126 ni 7 na 180 ni 10.

Sasa namna ya kubana stripu. Watu wengi wanapima asubuhi tu kila siku, stripu zinaisha na hawajajifunza kitu kuhusu chakula chao. Sisi tunapima kwa jozi: unachagua mlo mmoja, mfano ugali wa mchana, unapima kabla ya kula, unaandika ulichokula na kiasi chake, unapima tena masaa mawili baadae. Ikiongezeka mbili au tatu hivi, sahani hiyo mnaelewana. Ikiongezeka tano sita, sahani hiyo ina tatizo, irekebishe na uipime tena siku nyingine. Wiki ijayo chagua mlo mwingine. Baada ya muda unakuwa na orodha yako mwenyewe, na hiyo inashinda orodha yoyote ya vyakula inayozunguka wasap, maana wali ule ule unampandisha huyu kwa sita na yule kwa tatu, nimeona kwa macho yangu hapa hapa mezani kwetu.

Dawa

Wengi wanaanza na metformini, kawaida miligramu 500, alafu inaongezwa taratibu, wengi wanafika 1000 asubuhi na 1000 jioni. Kazi yake kubwa ni kuzuia ini lisimwage sukari ovyo kwenye damu na kuufanya mwili uisikilize insulini yake, ile homoni inayoingiza sukari kwenye seli. Shida yake ni tumbo, kuharisha, kichefuchefu, ladha ya chuma mdomoni, na wengi wanaiacha hapo kimya kimya wakirudi kliniki wanasema wanakunywa. Usiiache. Imeze katikati ya chakula, sio kabla na sio tumbo tupu, vumilia wiki mbili tatu mara nyingi tumbo linatulia, likigoma mwambie daktari akubadilishie ile inayoyeyuka polepole, hiyo unameza nzima usiivunje wala kuitafuna. Metformini peke yake ni nadra sana kukushusha sukari mpaka uzimie. Ukiitumia miaka mingi inapunguza vitamini B12, kwa hiyo ganzi ya miguu ikizidi uliza na hilo, usidhani kila ganzi ni sukari tu. Na figo zipimwe angalau mara moja kwa mwaka maana figo zikichoka dozi inapunguzwa au inasitishwa.

Kundi la pili ni hivi vinavyolikamua kongosho litoe insulini zaidi, glibenklamidi, gliklazidi, glimepiridi. Ni vya bei nafuu na vinafanya kazi kweli, ila hivi ndo vinashusha sukari mpaka mtu anaanguka. Sheria yake ni moja, ukivimeza lazima ule, hakuna kumeza alafu ukaingia kwenye foleni ya daladala masaa matatu na tumbo tupu. Na kama una mzee nyumbani wa zaidi ya miaka 60 anatumia glibenklamidi, muulize daktari kama anaweza kuhamia gliklazidi, Shirika la Afya Duniani lenyewe linasema glibenklamidi haifai kwa umri huo kwa sababu inashusha sukari na kukaa nayo chini muda mrefu.

Kuna hivi vipya, dapagliflozini na empagliflozini, vinatoa sukari kupitia mkojo na vinasaidia moyo na figo, bei ndo inasumbua. Ukipewa kunywa maji ya kutosha, safisha sehemu za siri vizuri maana fangasi wanapenda mkojo wenye sukari, na ukiwa unatapika au unaharisha au huli kabisa, piga simu kliniki uulize kama uvisitishe kwanza, na metformini uiulizie hapo hapo.

Insulini naomba tuiongelee kwa heshima. Mtaani ukisikia "amefikia hatua ya sindano" watu wanaanza kumuaga, na sio hivo kabisa. Kongosho linachoka kwa miaka, sindano inajazia kile ambacho mwili hautoi tena, na kuna watu wamepoteza miguu kwa kuikataa miaka mitano. Chupa ambazo hujafungua zikae kwenye friji nyuzi 2 mpaka 8, mbali na friza, ikiganda tupa. Uliyoifungua kawaida inakaa nje wiki 4 mahali pa baridi pasipo na jua. Kama huna friji usikate tamaa, chungu cha udongo ndani ya chungu kingine, katikati mchanga unaoulowesha maji asubuhi na jioni, insulini ndani ya mfuko mkavu wa nailoni, kinapunguza joto vizuri. Madaktari Wasio na Mipaka pamoja na Chuo Kikuu cha Geneva walipima joto la ndani ya nyumba kambini Dagahaley, pale Dadaab Kenya, wakaliiga maabara, na mwaka 2021 wakatoa matokeo kwamba insulini iliyokaa kati ya nyuzi 25 na 37 kwa wiki 4 ilibaki na nguvu yake.

Dozi ukiisahau usiunganishe mbili kwa pamoja, subiri muda wa inayofuata. Usiazime dawa ya jirani hata kama yake "imemkubali". Na hili narudia kila siku kwa watu wa nyumbani: sukari ikisoma 6 ni kwa sababu dawa inafanya kazi, sio kwamba umepona uiache.

Sukari ikishuka

Hii kila mtu ndani ya nyumba aijue, mpaka dada wa kazi na watoto. Kutetemeka, jasho la ghafla wakati hakuna joto, njaa kali, moyo kwenda mbio, mtu mpole anaanza kufoka au anaongea vitu havieleweki. Pima, ikiwa chini ya 4, au kama mashine haipo karibu usipoteze muda, mpe vijiko vitatu vinne vya chai vya sukari kwenye maji, au nusu glasi ya soda ya kawaida, sio ile isiyo na sukari. Subiri dakika 15, pima tena, bado ipo chini rudia. Ikipanda ndo umpe chakula chenyewe, mkate au ndizi au kiporo cha ugali, isije ikashuka tena. Chokoleti haifai hapa, mafuta yake yanaichelewesha sukari. Akiwa amezimia usimmiminie kitu chochote mdomoni, kitaingia kwenye mapafu, mlaze ubavu mkimbie hospitali. Na mara mbili tatu sukari ikishuka ndani ya wiki hiyo ni habari ya daktari, dozi inatakiwa kuangaliwa upya.

Chakula

Hapa ndo penye kelele nyingi na hofu nyingi. Mtu akiambiwa ana sukari kesho yake anapikiwa kisufuria chake pembeni, mlenda na kiugali cha ulezi, wengine wanakula pilau, anaanza kunyong'onyea na baada ya mwezi anaiba maandazi usiku. Pikeni chungu kimoja, kilichobadilika kibadilike kwa wote, maana watoto wa mwenye sukari nao wapo kwenye hatari.

Anza na vinywaji, hapo ndo ushindi rahisi. Soda ya mililita 350 ina sukari gramu 35 na zaidi, ni kama vijiko tisa vya chai, na inaingia kwenye damu mbio. Juisi ya miwa, juisi ya embe, hata ya nyumbani isiyoongezwa sukari, ni yale yale, umekamua matunda manne ukaacha nyuzinyuzi ukanywa sukari. Asali nayo ni sukari. Chai ipunguze kijiko kimoja kila wiki mpaka ulimi uzoee, ukiweka tangawizi, iliki na mdalasini kwa wingi hutaikosa sana.

Alafu sahani. Igawe kwa macho: nusu mboga za majani, mchicha, matembele, sukuma wiki, kabichi, bamia, kachumbari, robo iwe samaki, dagaa, mayai, kuku au maharage, robo iliyobaki ndo ugali au wali au ndizi au viazi. Ugali ukubwa wa ngumi yako, sio ngumi ya fundi mwashi. Najua kwetu sahani imekaa kinyume, ugali mlima na mboga ya kuchovea, na hapo ndo kazi yenyewe ilipo.

Kuna kitu hakisemwi kwenye vipeperushi vya kliniki, sinia. Tunapokula sinia moja huwezi kujua umekula kiasi gani, unamega unamega mnapiga stori mpaka sinia inaisha. Mama mkwe sasa anakata kipande chake mwanzoni, anakiweka ukingoni upande wake, kikiisha kimeisha, anabaki na mboga na samaki na mazungumzo yanaendelea, hajatengwa na hajazidisha. Harusini pia vivyo hivyo, tumia sahani ndogo, jaza kachumbari na nyama kwanza, pilau mwishoni.

Dona ni bora kuliko sembe kwa sababu ya nyuzinyuzi, ulezi na mtama pia, lakini zote ni wanga. Hii imani kwamba ugali wa ulezi unaweza kula mpaka ushibe imewapandisha watu wengi sana sukari wakiwa na amani kabisa moyoni. Uji wa lishe ndo usiseme, unga laini, umepikwa ukalainika, unanyweka haraka, wengine wanaongeza sukari juu, pima jozi siku moja baada ya bakuli la uji utashangaa. Maharage, kunde, choroko na dengu zina wanga lakini zinapanda polepole na zinashibisha, wali robo na maharage mengi sio sawa na wali tupu na mchuzi. Na kula mboga na kitoweo kwanza, wanga mwishoni, hili peke yake linapunguza ule mpando wa baada ya kula bila kutoa hata senti.

Matunda kula, mazima, moja kwa wakati: kipande cha papai, chungwa, pera, nusu embe dodo. Parachichi halina shida ya sukari ila lina mafuta, nusu inatosha. Nazi na mafuta ya kukaangia vipimwe kwa kijiko, sio kwa kumimina.

Kwa wanaofunga Ramadhani, nenda kliniki mwezi mmoja na nusu au miwili kabla, sio siku ya mwandamo wa mwezi. Dozi na muda vinapangwa upya, na wenye insulini au figo mbovu wengine wanaambiwa wasifunge. Kutoboa kidole hakubatilishi funga, kwa hiyo pima mchana, ikishuka chini ya 3.9 au ikapita 16.7 fungua hapo hapo. Futari anza na maji na tende moja, sio saba, na daku kula mwishoni kabisa.

Mazoezi

Lengo ni dakika 150 kwa wiki za kitu kinachokupandisha pumzi kidogo, unaweza kuongea ila huwezi kuimba, na usipitishe siku mbili mfululizo bila kufanya. Hakuna haja ya jim. Kutembea dakika 10 mpaka 15 baada ya chakula ndo dawa nzuri kuliko zote hapa, kwa sababu misuli ikifanya kazi inavuta sukari kutoka kwenye damu hata kama insulini yako ni dhaifu. Jaribu na mashine: ugali ule ule, leo kaa kwenye kochi, siku nyingine zunguka mtaa mara mbili, alafu linganisha namba, mume wangu aliacha ubishi siku hiyo. Ongeza misuli mara mbili tatu kwa wiki, kukaa na kusimama kwenye kiti bila kushika mara kumi, kunyanyua dumu dogo la maji, kusukuma ukuta. Mtu wa ofisini au dukani asimame kila nusu saa.

Kama unatumia insulini au vile vidonge vinavyokamua kongosho pima kabla, ikiwa chini ya 5 kula kitu kwanza, na mfukoni kuwe na pipi za sukari siku zote. Viatu vya kufunga, na soksi. Usiku kagua miguu, nyayo na katikati ya vidole, kama huoni vizuri mtoto akuangalizie au tumia kioo sakafuni. Mguu wenye ganzi unaweza kukanyaga msumari usijue, unaweza kuungua maji ya moto usijue, kwa hiyo maji yajaribu kwa kiwiko.

Je, inapona?

Mwaka 2011 maelfu ya watu walifunga safari mpaka Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha dawa ya mitishamba cha Babu Ambilikile Masapila, na kisukari kilikuwa kwenye orodha ya magonjwa. Siwalaumu waliokwenda, kuumwa kusikoisha kunachosha. Ila leo matangazo ya "ponya kisukari kwa siku 21" yamejaa kwenye simu zetu na hatari yake ni ile ile, mtu anaacha dawa. Mlonge, mwarobaini, maji ya bamia, ukitaka kutumia mwambie daktari wako, maana ukijumlisha na glibenklamidi unaweza kushuka vibaya.

Kilichopimwa kweli ni hiki. Uingereza, utafiti wa DiRECT wa Roy Taylor na Mike Lean, matokeo ya kwanza 2017: watu wenye uzito mkubwa, waliougua ndani ya miaka 6 na ambao hawakuwa kwenye insulini, waliwekwa kwenye chakula kidogo sana miezi 3 mpaka 5 chini ya uangalizi. Baada ya mwaka 46 kati ya 100 sukari ilikuwa kawaida bila dawa, na kwa waliopunguza kilo 15 na zaidi ilikuwa hivyo kwa 86 kati ya 100. Baada ya miaka miwili walibaki 36 kati ya 100, maana uzito ukirudi sukari inarudi. Kwa hiyo kama ndo umeanza kuugua na kitambi kipo, una nafasi kubwa, ila usijifungie ndani kujinyima mwenyewe huku unameza vidonge, dozi lazima ipunguzwe na daktari kwanza.

Siku ya kliniki beba daftari na vibahasha vyote vya dawa, hata vya mitishamba. Uliza presha yako ngapi, figo zinasomaje, lini macho yatachunguzwa kwa kuwekwa matone maana hilo ni kila mwaka hata kama unaona vizuri, na kama unahitaji dawa ya lehemu, yaani kolesteroli. Na usisubiri tarehe ya kliniki kama mashine imeandika HI, hiyo maana yake imezidi uwezo wake wa kusoma, au kama unatapika huku sukari ipo juu, au kama kuna kidonda mguuni, hata kidogo kama punje ya mahindi, hicho unakwenda nacho siku hiyo hiyo.